Binamu wa Manang Nening

Jumatatu, 2 Septemba

Krismasi imeanza jana, kwetu Ufilipino huanza Septemba mosi. Redio ya jirani inaimba kengele na theluji tangu alfajiri, jasho linatutiririka. Mwezi mwema wa kuanza shajara. Siku mbaya ya kuanza kazi.

Nimefokewa! Mimi, Nonoy Gumban, msaidizi wa mbali, mwenye intaneti ya kasi kuliko zote hapa Dumangas! Bwana Garth, tajiri wetu wa mapazia kule Perth, Australia, amenifokea kwenye mkutano wa asubuhi wa kompyuta, wenzangu wote wakitazama. Kisa? Bibi harusi mmoja aliagiza mapazia meupe ya lesi ya ukumbi wake. Akapelekewa meusi, mazito, ya kuzuia mwanga. Nani aliandika oda? Mimi. Lakini nyeusi na nyeupe zimekaa jirani kwenye kompyuta! Yeyote angekosea.

Cherry Mae, mwenzetu wa Iloilo mjini, aliinamisha uso. Manang Nening alijifanya anapangusa miwani. (Manang ni dada mkubwa. Sote tunamwita hivyo, hata padri. Nyumba yake inatazamana na yangu, na kamba zetu za nguo zinagusana.) Masikio yaliniwaka moto. Nikasema ndiyo Bwana, ndiyo Bwana, nikatabasamu mpaka mashavu yakauma. Bwana Garth akauliza ninacheka nini.

Ninacheka! Mzungu huyu hatujui hata kidogo. Inabidi afundishwe.

Jioni akaja Tatay Poldo, baba mkwe. Akanikuta nimevaa shati la pasi juu na kaptura chini. Akasema kazi ya kukalia matako si kazi, ni ugonjwa. Akasema mabwawa yake ya samaki wa mwatiko yanahitaji mwanamume wa kuzoa tope. Amenipa mpaka ubatizo wa mwanangu, mwisho wa mwezi. Kama siku hiyo nitakuwa bado si mtu mbele ya wageni, kesho yake naingia matopeni. Marivic, mke wangu, alitazama paa.

Naogopa tope. Linaingia kila mahali.

Jumanne, 3 Septemba

Mungu yupo! Bwana Garth ametangaza kwamba anataka kiongozi wa kikundi. Atakuja mwenyewe mwisho wa mwezi kumchagua. Cherry Mae amesema hataki. Tumebaki Manang Nening na mimi. Manang ni mwepesi wa kazi, hakosei, wateja wanamtumia picha za wajukuu. Zaidi ya hapo sioni ana nini.

Nikampigia Bwana Garth peke yake. Nikamwambia kwa unyenyekevu kwamba kuna mambo kwetu hayafanywi. Akasema amekuwa akisoma kwenye mtandao namna ya kuwaelewa Wafilipino na amezidi kuchanganyikiwa. Akaniomba nimfundishe. Akaomba mwenyewe!

Somo la kwanza. Nilimwambia mtu hakosolewi mbele ya watu. Mbele ya watu anasifiwa, tena sana, hatuchoki. Ukiwa na neno baya, mtume mtu wa katikati, mwanamke wa heshima. Naye haji mikono mitupu, anakuja na chakula. Hasemi moja kwa moja. Atazunguka, atauliza habari za mtoto na za paa, kisha atasimulia habari za mtu mwingine, binamu yake tuseme. Mwenye kosa atajitambua mwenyewe, atajirekebisha mwenyewe, na hakuna aliyeaibika. Kwetu mwenye macho haambiwi tazama.

Bwana Garth alinyamaza. Nikadhani mtandao umekatika. Kumbe anapangusa macho. Akasema tangu aanze kuuza mapazia hajasikia jambo zuri kama hilo. Nami nikajikuta nimeduwaa. Kweli sisi ni watu wa ajabu! Nimeishi humu maisha yangu yote na sikuwahi kuliona hivyo.

Akauliza nani kati yetu anafaa kuwa mtu wa katikati. Nikajibu bila kupepesa kwamba ni Manang Nening. Ha! Mleta habari mbaya nani anampenda? Cherry Mae amkasirikie Manang, Manang apoteze sifa, mimi nibaki msafi kama sahani ya Pasaka.

Alhamisi, 5 Septemba

Lo! Lo! Mzungu ana kipaji!

Mkutanoni amenisifu mbele ya wote. Amesifu shati langu. Amesifu salamu zangu. Amesifu namna ninavyofungua mlango wa chumba kabla ya kuketi. Nilikuwa nimemfundisha pia kwamba kuinua nyusi ni kusema ndiyo, na kwamba kitu huonyeshwa kwa kuchomoza midomo. Leo aliinua nyusi mkutano mzima. Cherry Mae alidhani picha imeganda. Kisha akachomoza midomo kuelekea kalenda iliyo nyuma yake, ikawa kama anataka kuubusu mwezi wa Septemba. Nilijivunia mno.

Mchana joto lilizidi. Nikamwandikia kwamba umeme umekatika. Haukukatika. Jirani Dodo ana nyimbo mpya kwenye mashine yake ya kuimbia, karaoke. Niliimba dirisha likiwa wazi, mashine ikanipa maksi tisini na nane. Tisini na nane! Dodo mwenyewe hajawahi. Ng'ambo ya njia feni ya Manang Nening ilikuwa inazunguka. Alinitazama. Nikampungia kipaza sauti.

Jioni nilisafisha barua za wateja. Zilikuwa zimerundikana, zinatia huzuni. Nikaziwekea zote alama ya kusomwa. Sasa hakuna hata moja inayong'aa. Nyumba ya wazee ya Albany, hukohuko Australia, imeandika mara nne. Wazee wana subira, wameona mengi.

Jumatatu, 9 Septemba

Nimesifiwa tena. Safari hii ni mwandiko wangu. Sijawahi kumwandikia kwa mkono.

Baada ya kazi nani abishe hodi? Manang Nening, na sahani ya ibos, wali wa kunata ndani ya majani ya mnazi, bado wa moto. Nikajua anakuja kujipendekeza. Ameshanusa nani atakuwa mkubwa.

Akaketi. Akauliza habari za mtoto. Akauliza habari za paa, kama linavuja. Akauliza jino la Marivic. Alizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mwishowe akasema ana binamu yake, naye anamfanyia kazi tajiri wa mbali. Binamu huyo ameagizwa vitu vyeupe akapeleka vyeusi, na bibi harusi wa watu amelia siku ya furaha yake. Manang akaniuliza mimi naonaje.

Nikacheka! Nikamwambia dunia haiishiwi wajinga. Ni ajabu pia, maana kosa lenyewe linafanana kidogo na lile langu, ila langu lilikuwa la kompyuta. Nikamshauri binamu amwandikie bibi harusi barua ya kuomba radhi, na tangu sasa kila oda aisome mara mbili. Manang akaniangalia kwa muda mrefu. Akauliza kama nadhani binamu ataelewa. Nikasema mjinga haelewi mpaka abanwe, ambane. Akashusha pumzi, akachukua sahani yake, akaenda.

Marivic alikuwa anaosha vyombo. Akasema nyani haoni kundule. Nikauliza nyani gani. Akasema yupo mmoja ameketi sebuleni.

Nilitafuta kila mahali. Sikumwona.

Jambo jingine. Nimemwandikia yule bibi harusi wangu kuomba radhi. Si kwamba nililazimika. Nilipenda tu wazo langu.

Ijumaa, 13 Septemba

Mpango mpya, nao ni mkubwa! Bwana Garth atakuwa baba wa ubatizo wa binti yangu. Mtu hawezi kumnyima cheo mzazi mwenzake, ni dhambi, au karibu na dhambi. Na mtoto ataitwa Garthelyn.

Marivic alitaka Rosario, jina la bibi yake. Baba mkwe akasema Garthelyn linafanana na dawa ya kikohozi. Akauliza ni vijiko vingapi kwa siku. Tumeelewana: Maria Rosario Garthelyn. Nililitangaza mkutanoni. Bwana Garth akalia waziwazi, mbele ya kamera, leso mkononi. Cherry Mae akapiga makofi. Manang Nening akasema hilo ni jina ambalo mtu akilisikia hatalisahau. Wivu huo!

Jumanne, 17 Septemba

Manang tena. Leo kaleta mwatiko mkavu wa siki, mtamu mpaka nikalamba mifupa. Mtoto hajambo? Paa je? Jino? Kisha binamu.

Eti binamu alimwambia tajiri wake umeme umekatika, kumbe alikuwa anaimba, sauti inasikika mtaa mzima! Nilicheka nikashika mbavu. Nikamwambia Manang huyo ni mpumbavu aliyefuzu. Mtu mwenye akili angefunga dirisha! Manang naye akacheka, ila machozi yake yalichelewa kukauka. Nikawa mkali kidogo. Nikamwambia mtu wa namna hiyo asipewe ukubwa wowote, hata wa kuchunga bata. Akauliza, kweli? Nikamwambia kweli tupu, na kama tajiri ataka ushauri, anitafute.

Kisha akanieleza la tatu, na hapo kicheko kilinikauka. Binamu huyo ameacha barua za nyumba ya wazee bila kuzijibu. Wazee hao wanasubiri mapazia. Jua linawapiga usoni likichomoza tu. Yuko mzee mmoja analala na taulo juu ya macho, na kila asubuhi anamwuliza nesi kama mapazia yamefika.

Niligonga meza. Nikasimama. Nikasema afukuzwe! Kesho! Hata chai asinywe! Moyo uliniuma kwelikweli kwa ajili ya mzee wa taulo. Manang aliweka mikono mapajani. Marivic alitokea mlangoni, akaona uso wangu, akarudi jikoni. Sikujua kwamba nina haki kali namna hii ndani yangu. Nilijiogopa.

Manang alipoondoka nikakumbuka. Ajabu ya dunia! Nami nina nyumba ya wazee, ile ya Albany. Nilifungua barua zao, nikapiga simu mwenyewe, nikawabana watu wa ghala mpaka gari likaondoka. Bahati yao wazee hao kwamba hawakuangukia mikononi mwa yule binamu.

Jumatatu, 23 Septemba

Bwana Garth amenisifu kwa ajili ya Albany. Mzee mmoja kule amepiga simu kushukuru. Sifa za leo zilikuwa na ladha nyingine, sijui kwa nini. Nilitoka nje nikakaa kidogo na mtoto.

Lakini kuna kitu. Baada ya kunisifu, Bwana Garth alimwinulia Manang nyusi. Manang akachomoza midomo kuelekea kwangu. Bwana Garth akainua tena. Walisemezana hivyo kama watu waliozaliwa mtaa mmoja, mpaka nikapigwa na butwaa. Mwezi huu huu nilimfundisha!

Maana yake iko wazi. Nimechaguliwa, na Manang ameambiwa, na inamwuma kuniambia. Nimemweleza baba mkwe kwamba mambo tayari. Ameagiza nguruwe.

Jumamosi, 28 Septemba

Amefika! Ni mrefu kuliko mlango wetu, na amekuwa mwekundu kama kamba wa kuchemsha. Nilikuwa nimemfundisha kwamba mgeni haji mikono mitupu. Kaleta mapazia. Ya mtaa mzima! Kila nyumba ina mapazia meusi, mazito, ya kuzuia mwanga, yale yaliyorudishwa na bibi harusi. Mchana huu njia yetu yote ililala usingizi kama mtu mmoja. Jogoo wa Dodo ndani ya nyumba aliwika saa tisa alasiri, alidhani ni alfajiri. Watu wanamwita Bwana Garth mtakatifu.

Jua likielekea kutua Manang alikuja. Kaleta mchuzi wa kuku na majani ya mzunze. Nilikuwa nimempakata Garthelyn, amelala, ngumi yake imeshika kidole changu. Manang hakuuliza habari za paa. Nikajua ni zito.

Akasema tajiri wa binamu yake amechoka. Anataka kumwachisha kazi. Ila amesema neno la mwisho atamwachia yeye Manang, kwa kuwa yeye ni mtu wa katikati na anaujua moyo wa mwenzake. Anatakiwa ajibu kabla ya kesho. Hajalala. Akasema binamu si mtu mbaya. Ana kiburi cha jogoo na akili za jogoo, lakini ukimgusa penye uchungu anaamka. Akasema ana mke mvumilivu. Ana mtoto mchanga. Akaniuliza, lile neno langu la siku ile, afukuzwe, bado ndilo?

Nilifungua mdomo niseme ndilo. Nikamtazama Garthelyn. Alikuwa anatabasamu usingizini, wazee husema watoto wanachekeshwa na malaika. Nikafikiria mtoto wa yule binamu. Nikamfikiria binamu mwenyewe ndani ya tope la mtu fulani, tope linaingia kila mahali. Sikuweza. Nikasema mtoto hana kosa. Nikasema ampe nafasi moja ya mwisho. Lakini cheo, hapana! Na asiachwe peke yake nyumbani kwake, atalala. Manang amkalishe sebuleni pake, meza zitazamane, tangu saa moja asubuhi mpaka jioni. Dirisha lifungwe. Kila oda isomwe mara mbili, ya pili aisome Manang.

Manang Nening akalia. Akainuka, akanibusu utosini kama mama. Akasema alijua, alijua tangu mwanzo kwamba moyo upo. Sikuelewa kwa nini ananilia mimi, lakini nami nililia. Jambo gani kubwa hili la kumwokoa mtu usiyemjua! Nilijiona nimesimama karibu sana na Mungu.

Nikamkimbilia mlangoni na mto wangu wa kukalia, ule wenye jogoo aliyetariziwa. Nikamwambia ampe binamu, maana viti vyake Manang ni vya mbao na yule maskini ataketi sana. Marivic aliniegemea begani, akacheka na kulia kwa pamoja. Akasema hakukosea kuolewa nami, ila kidogo tu.

Jumapili, 29 Septemba

Siku kuu ya maisha yangu. Naandika haraka, mkono una mafuta ya nguruwe.

Kanisani Garthelyn alipiga kelele padri alipotaja jina lake. Baba mkwe akasema hata yeye hataki dawa. Wazazi wa ubatizo, kwetu huwa wengi, walijaa safu mbili. Bwana Garth alishika mshumaa, Manang Nening kando yake kama mama wa ubatizo. Walipendeza. Nasema kweli, walipendeza.

Kisha uani. Lola Sabel, yaani Bibi Sabel, bibi mwingine wa Marivic, alikuwa kwenye kiti chake chini ya turubai, haoni vizuri tena. Bwana Garth akamwendea. Hakuna aliyemwambia. Hilo sikumfundisha! Akainama, jitu lile lote, akaushika mkono wa bibi, akauweka kwenye paji la uso wake, kama tufanyavyo sisi. Mashine ya kuimbia ilinyamaza. Lola Sabel akapapasa uso ule mwekundu, akasema Mungu akubariki, mwanangu, una homa? Nywele zilinisimama. Mtu ametoka ng'ambo ya bahari kuuza mapazia, na leo ni mjukuu.

Nguruwe akaletwa, mzima, ngozi inapasuka kwa utamu. Baba mkwe alishika kisu, akanitazama mimi, akasema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Nikamwambia kweli, baba, huyu ni mtamu sana.

Hotuba. Bwana Garth alisimama, akachukua kipaza sauti cha Dodo. Alinisifu mpaka majirani wa mtaa wa pili wakaja kutazama. Akasema kila akijuacho juu ya watu wetu amekipata kwangu. Akasema Nonoy alimfundisha namna ya kusema na mtu bila kumvunja. Makofi! Baba mkwe alikuwa ameacha kutafuna. Nilirekebisha kola, nikaanza kuinuka.

Akasema kiongozi wa kikundi ni Manang Nening.

Nilikuwa nimeshainuka nusu. Nikapiga makofi nikiwa hivyohivyo, nimeinama. Wote wakapiga makofi, na wote walikuwa wananitazama mimi, kwa upendo mwingi ajabu. Baba mkwe akachomoza midomo kuelekea mabwawani. Nilisikia harufu ya tope juu ya harufu ya nguruwe.

Ndipo Manang alipomwendea baba mkwe na sahani ya ibos. Akaketi. Nikamwona anauliza habari za goti lake, habari za maji kwenye mabwawa. Alizunguka weee! Baba mkwe akaanza kutikisika mabega. Kisha akacheka, akacheka mpaka akakumbatia nguzo ya turubai, machozi yakimtoka. Sikujua mzee yule ana meno mengi namna ile. Akaniita. Akasema tope litasubiri, halina haraka. Akasema kesho niende nikafanye kazi kwa Manang Nening, sebuleni pake, na asinione nyumbani jua likiwa juu. Mwanamke yule alimgeuza mzee wa chuma bila kupaza sauti! Namvulia kofia.

Bwana Garth akaja kunishika mkono. Akauliza kwa sauti ya chini kama yote yamefanyika kwa heshima, kama nilivyomfundisha. Alihofu nisije nikaumia. Nikamwuliza niumie kwa lipi? Akanikodolea macho kwa muda. Akainua nyusi, taratibu. Nikainua zangu. Akasema sisi ni watu wakubwa kuliko alivyodhani. Nilikubaliana naye.

Jumatatu, 7 Oktoba

Sebuleni kwa Manang Nening. Meza zinatazamana. Saa moja asubuhi mpaka jioni. Dirisha limefungwa, Manang hapendi upepo. Kila oda naisoma, kisha anaisoma. Leo amenizuia kupeleka mapazia mekundu kwenye nyumba ya watawa.

Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu na nimelipata. Bwana Garth ni mwerevu mno. Kwetu mkubwa wa kweli hakai mbele. Amempa Manang jina, na mimi ameniweka hapa, mbele ya macho yake siku nzima, ili nimwangalie. Mtu wa siri. Manang hana habari, maskini. Nimemwambia baba mkwe peke yake. Ilimbidi aende kukaa nje.

Nimeanza kuandaa somo la pili la Bwana Garth. Kuna desturi yetu moja ya kale sana, inahusu Ijumaa mchana, na dunia haiijui kwa sababu ndiyo kwanza nimeikumbuka.

Kinachonishangaza ni yule binamu. Mtu ameombewa mpaka machozi, ameandaliwa nafasi, na hajaonyesha pua yake! Kiti chake kipo tu. Mto wangu wa jogoo upo tu. Nimemwuliza Manang atafika lini. Akavua miwani, akanitazama kwa huruma isiyo na mwisho, akasema yuko njiani, amebakiza kidogo.

Wapo watu hawaambiliki. Namwonea huruma, kwa kweli. Kwa sasa kiti nakikalia mimi, mto usije ukaingia vumbi.